Jiwe Lisilo na Chapa

Abaayo Habiba, dada yangu,

Asalaam aleikum warahmatullah. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, magoti ya Hooyo, mama yetu, yametulia, na yule paka wako mwizi hajamaliza nyama za mtaa wote wa Iftin. Mimi mwili wangu mzima. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu ni cha mdomo, na hiki ulinifundisha wewe kwa rula. Ukiona makosa, mlaumu mwalimu.

Najua umenikasirikia. Uliponipigia na kusema Aabo, baba yetu, ameshazikwa huko Hadado, nilikata simu. Ukadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao. Mimi Yunis, ambaye mlisema hata nikizikwa mdomo utabaki nje ukiongea, nilikosa neno. Ndipo nikasema niandike, mjomba wetu Abti Dakane akiondoka huku akuletee.

Bado nauza kwenye duka la Abti, huku Karoo, Afrika Kusini. Ukishuka hapa utadhani umeshuka kwetu Tarbaj: mawe, vichaka, upepo. Ngamia tu ndio hawapo. Wana kondoo, wamevaa manyoya kama makoti ya wazee, na kila shamba limezungushiwa waya. Nimewaambia wateja kwamba kondoo wao akionyeshwa Wajir atakufa kwa aibu kabla ya kiu. Wananipenda. Naongea lugha tano, tatu kati yake nadanganya, lakini mkate unanunuliwa.

Kuna mteja wangu anaitwa mama Sanna. Anafanya kazi kwenye yale madarubini makubwa ya mlimani, ya kuangalia nyota. Asubuhi akitoka zamu anapitia mkate na sigara, macho mekundu kama mchungaji aliyekesha na fisi. Siku moja nikamtania: umechunga usiku kucha, hata nyota moja haijakuzalia? Akacheka, akachukua kipande cha boksi la biskuti, akanichorea duara mbili zinazokaribia kugusana. Moja njia ya dunia yetu kuzunguka jua. Ya pili njia ya jiwe dogo, wenyewe wanaliita asteroidi, ukubwa wake kama lori la kubeba ng'ombe. Njia yake ni ndefu kidogo kuliko yetu. Kwa hiyo linapita karibu na sisi mara moja, halafu tunapishana miaka na miaka. Waliliona likiwa tayari linapita, na sasa limefifia, hata hayo madarubini hayalioni.

Nikamuuliza, basi limepotea? Akasema hapana, njia yake tumeshaipiga hesabu. Hatulioni tu.

Siku hiyohiyo nikampigia Aabo nijisifu kwamba mtoto wake wa darasa la saba sasa ni mtaalamu wa mbingu. Wewe ulikuwa umeniambia ugonjwa wake ni kifua tu. Unamjua Aabo, aliuliza kama mtu wa ngamia: la nani? Lina chapa gani? Linanywa wapi? Nikamwambia halina chapa, ni la Mungu, linazunguka jua, na hata asipoliona mtu liko kwenye njia yake. Akakohoa muda mrefu.

"Kwa hiyo halijapotea," akasema.

"Halijapotea, Aabo."

Akauliza nakuja lini. Nikamwambia mimi pia nazunguka, ipo siku nitapita. Akacheka. Hicho kicheko ndicho changu cha mwisho kutoka kwake.

Halafu ukanitumia ule ujumbe wako wa sauti baada ya mazishi. Niliisikiliza nyuma ya magunia ya unga. Ukasema tangu siku ile alitaka apelekwe kisimani kila asubuhi, akae pale watu wanaponywesha. Mtu aliyepotelewa na ngamia ndivyo anavyofanya, anaulizia baadi yake, yule mnyama aliyepotea: anasubiri wageni wanywe, wasalimiane, ndipo ataje rangi, chapa, sikio na mwendo. Na Aabo aliwauliza wote, wachungaji na madereva wa malori: kuna kijana mrefu, jino la mbele limevunjika, akitembea anarusha bega la kushoto, kelele nyingi. Mmemwona?

Watu wakasema ugonjwa umempanda kichwani. Ukaona haya, ukamshika mkono umrudishe nyumbani. Akakwambia, "Habiba, hajapotea. Lakini baadi huulizwa." Na wewe unasema hakuna hata mmoja aliyemjibu kwamba ameniona.

Abaayo, mimi mwenyewe sikujua kwamba narusha bega. Nimejitazama kwenye kioo cha friji ya soda nikitembea. Ni kweli.

Sasa swali lako, kama nitakuja Idd, maana Hooyo bado ananiwekea sahani. Siji. Kibali changu ni cha kukaa nchini humu tu. Nikitoka, mlango unafungwa nyuma yangu, na pesa ya chakula chenu ninayotuma inafungiwa humo. Usimwambie "labda". Mwambie siji, halafu ukae naye.

Nilimuuliza mama Sanna jiwe litarudi lini. Akasema yeye atakuwa ameshastaafu. Nikamwambia, kwetu kuna mzee angelingoja. Akaniuliza mzee gani. Nikampa mkate wake nikarudi kwenye magunia.

Nisalimie Hooyo, mbusu mkono. Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie kitambi si mali, hakihesabiwi kwenye mahari. Na yule mama jirani anayewaletea maziwa, mwambie maziwa ya huku ni maji yaliyosomea chuo.

Jambo moja nakuomba. Ukienda Hadado, kaburini msomee Aabo Fatiha, halafu umwambie kwa sauti, kama mwenye mali anavyoambiwa: baadi yako imeonekana. Yuko kusini, malisho si mabaya. Jino bado limevunjika, bega bado anarusha. Yuko kwenye njia yake, ila njia ni ndefu.

Usimwambie kwamba kelele zimepungua.

Mdogo wako uliyempiga rula,
Yunis