Mara ya Kwa, Mara ya Pi

S.L.P. 41,
Chimala, Mbeya.
16 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Asukile,

Ugonile? Wifi Gloria hajambo? Na Marta ameshapona kile kikohozi? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu inatutafuna. Mpunga tumeshavuna, na Mama amekuwekea gunia lako, hataki mtu aliguse.

Nimeshika kalamu kwa sababu haya ya leo hayaenei kwenye simu. Ni habari za Baba.

Unajua tangu apate kiharusi maneno yake yanakatika mwishoni. Siku ya Pasaka ulipompigia, ukamwambia "Baba, sema tena" mara tatu, alimpa Mama simu akatoka nje. Tangu siku hiyo simu ikilia anakwenda kukaa bandani na mbuzi. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa namsahihisha kila neno kama mwalimu wa chekechea, mpaka akawa anashinda kimya.

Sasa sikia. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada tukatoka nje kunadi sadaka, ile kazi ya Baba ya miaka yote, iliyokuwa ikiwavuta hata Wakatoliki waje kusikiliza. Siku hizi ananadi mzee Sosthenes. Ni mtu wa Mungu, lakini mnada wake umepoa kama ugali wa jana. Ambokile wa mashine ya kukoboa alitaja bei ya jogoo mmoja, watu wakabaki wanapiga miayo. Mara namwona Baba anainuka na fimbo yake, anamnyang'anya Sosthenes jogoo kwa mkono wa kushoto!

"Mara ya kwa…" akaita, neno likakwama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndipo Mama Esnath wa kwaya akapaza sauti kutoka nyuma: "Nza!"

Baba akamtazama, akacheka. "Mara ya pi!" "Li!" wakajibu watu kama kumi. "Mara ya ta!" "Tu!" wakaitikia wote, hata mchungaji. Basi hakikubaki kitu, hata yale maboga yaliyooza upande. Asukile, nimempenda Baba siku zote, lakini Jumapili nilimwonea fahari mpaka nikalia. Na wale watu nao, Mungu awape maisha. Hakuna aliyemwambia arudie.

Nikukumbushe kitu. Ulipofika Mwanza mara ya kwanza ulituma ujumbe: "nmfk slm bb". Baba alivaa miwani, akawasomea majirani bila kusita: "Nimefika salama, Baba." Naye hakukuambia uandike tena.

Kwa hiyo piga simu Jumamosi mchana, nitakuwa nyumbani. Leo asubuhi ameichukua simu ya Mama mwenyewe, akanisogezea, akasema, "Asu." Hilo tu, akasubiri. Akikuita hivyo, mdogo wangu, wewe itika.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Tumpe anauliza zawadi yake iko wapi. Mwambie wifi namkumbuka, na Marta umbusu mashavu yote mawili. Bwana ailinde nyumba yenu mlalapo na mwamkapo.

Dada yako akupendaye daima,
Ikupa