Mke Aliyetia Sahihi kwa Nyumba Yangu

Goma, Katoyi
20 Mei 2022

Mpendwa mdogo wangu Apolline,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi ni wazima. Josias alimaliza mitihani, na mimi nakula, ingawa sina hamu.

Tarehe 11 huissier, mjumbe wa mahakama, alileta karatasi ya benki. Mume wangu Paulin aliweka nyumba yetu rehani ili alete saruji kutoka Bunagana, na hakulipa. Tumepewa siku ishirini, kisha wataanza taratibu za kuiuza mnadani.

Nilienda kwa wakili, Maître Aksanti. Alisema tunaweza kuomba benki itupunguzie malipo ya kila mwezi, au kuuza wenyewe kwa bei nzuri kabla ya mnada. Lakini nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mke kukubali. Akaniuliza nilitia sahihi lini. Sikutia kamwe.

Alipopata dosye ya mkopo huko benki, sahihi ya mke ilikuwemo: Dorine, yule mfanyabiashara wa Bunagana. Wana hata karatasi ya chifu wa avenue inayosema anaishi na Paulin hapa kwangu. Sahihi yake imezungushwa vizuri, kama ya mutu aliyefanya mazoezi. Niliiangalia hadi Maître akaivuta.

Nilisoma tarehe ya sahihi, nikafungua daftari langu. Tarehe 9 Septemba 2021: «Butembo, siku ya tatu ya kilio cha mama. Paulin amepiga simu, ana malaria, hawezi kuja.» Siku hiyohiyo alikuwa benki na Dorine. Nami nilimwombea apone!

Nilipomuuliza alisema, «Mama Josias, ni makaratasi tu. Haukuwa hapa.» Dorine naye alinipigia simu: «Mama, usikasirike. Nitalipa deni lote, muniandikie nusu ya parcelle, kiwanja na nyumba.» Paulin anaona ni bahati. Wanipangie na chumba cha kulala basi!

Sauti ya Dorine ni laini, Apolline. Tangu siku hiyo nasikia namna Paulin anavyocheka kwenye simu, na ninajua kicheko hicho. Zamani kilikuwa changu.

Nimekataa. Nitapinga mbele ya juji tarehe 17 Juni. Maître alinionya kwamba deni litabaki kwa Paulin, na anaweza kushtakiwa kwa uongo ule. Akaniuliza, «Mama, unataka kuokoa nyumba ama kumuaibisha muzee?» Nikamjibu, «Vyote viwili.» Alicheka, mimi sikucheka.

Juji atataka kujua mke ni nani. Cheti changu cha ndoa kimo katika sanduku la mama, tangu mimi na Josias tulipokimbia volkano mwaka jana na kuja kwenu Butembo. Tafadhali kitoe, umpe Padri Aubin mkononi. Atapanda ndege Jumatano kuja Goma.

Jana Paulin aliniambia anakuja Butembo kukusalimia. Miaka kumi na minne ya ndoa yetu hajawahi kuja kukusalimia. Mpe chakula, mpe maji ya kuoga, lakini ufunguo wa sanduku uuvae shingoni.

Nisalimie Papa Édouard, Bénie na Mukamurenzi jirani yako. Mungu alinde mlango wenu, na wangu pia.

Ni mimi dada yako mkubwa akupendaye sana, na bado mke wa Paulin,

Henriette Masika