Bahasha Zilizorudi kutoka Wichita

Jumatano, 22 Februari 2023

Jumatano ya Majivu. Nimesaini wa kwanza! Baada yangu Charlene Herl, halafu wengine, mpaka karatasi ya pili ikajaa. Majina thelathini na nane, katika parokia ndogo kama hii yetu ya Marienfeld! Kuanzia leo hakuna mwanachama wa Chama cha Altare atakayekanyaga duka la dawa la Gilbert Rohr. Si dawa, si sabuni, si kadi ya Pasaka. Mpaka avitoe vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.

Nilimpa nafasi, Mungu shahidi. Juzi nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia, Gilbert, mimi na wewe tulipokea Komunyo ya kwanza siku moja, unauzaje kitu cha kuua? Akasema haviui, vinazuia tu, na mwaka mzima kauza pakiti nne. Nne! Nikamuuliza kamuuzia nani. Akavua miwani, akaifuta polepole, akasema hilo hata askofu akija hamwambii.

Agosti iliyopita walitushinda kwenye kura ya utoaji mimba, Kansas nzima. Watu wa mijini. Hapa kwetu hawatushindi. Hapa tunajuana.

Virgil, mdomo umejaa supu: "Haya mama, na presha yangu nayo imesusia?" Miaka arobaini na minne ya ndoa na huyu mwanamume bado ananifanyia mzaha mezani.

Jumamosi, 25 Februari

Tulikuwa kumi na wawili mbele ya duka, na mabango. Upepo wa kukata masikio. Rozari nzima, vidole vyangu havikuniuma hata kidogo — dawa yangu ya baridi yabisi inafanya kazi, namshukuru Mungu.

Waliovuka wakaingia dukani: watano. Nimewaandika. Kaylin, yule mke kijana wa mwana wa kina Leiker, alipunguza gari, akatuona, akaongeza mwendo. Vizuri.

Jumanne, 28 Februari

Balaa! Tulipanga dawa zetu zote tuzihamishie lile duka kubwa la Hays, mwendo wa saa moja tu. Nimekwenda kuangalia. Vile vidonge viko peupe kwenye rafu, karibu na dawa ya meno! Nimemwita msimamizi. Kijana mwenye hereni. Akaniambia, "Mama, kama hutaki si usinunue?" Nimemwambia maneno ambayo itabidi niyaungame.

Kwa hiyo Hays nayo tumeisusia.

Charlene kapata mwenye duka la dawa, Gottschalk, Wichita. Mkatoliki safi. Hauzi cha dharura, hauzi cha kila siku, hauzi chochote cha kuzuia wala kutoa mimba. Ni saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Tumekubaliana: vyeti vyote vya dawa vihamie kwake, na kila wiki mmoja wetu aendeshe gari akawaletee wote. Kila mtu kasaini karatasi ya ruhusa.

Virgil anasema mwaka huu Kwaresima tumeifunga kwa petroli.

Jumanne, 7 Machi

Safari ya kwanza nimeiendesha mimi. Gottschalk ni mtu wa heshima, ana picha ya Moyo Mtakatifu juu ya kaunta. Kanipa sanduku la dawa. Halafu kanipa bahasha kumi na moja, nyembamba, zimefungwa, kila moja ina jina.

Nikauliza, hizi nini? Akasema hao wameomba vitu asivyoviweka dukani, basi anawarudishia vyeti vyao. Akaniangalia kwa huzuni. "Nadhani unanielewa, Bi. Wasinger."

Nilielewa! Nilisimama kituo cha kwanza cha petroli nikazisoma zote. Majina, si ndani. Kumi na moja! Waliosaini mbele yangu! Kaylin Leiker, sawa, huyo nilimtilia shaka. Lakini Alvina Dreiling? Alvina wangu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza? Ana miaka sitini na saba. Anazuia nini?

Nimeendesha saa tatu nikiwa nimeuma meno. Mimi nasimama kwenye upepo, wao wanakwenda nyumbani kumeza.

Dawa yangu mwenyewe sikuiagiza safari hii. Vilikuwa vimebaki vidonge vya wiki moja, nimevimeza jana. Charlene ataniletea Jumanne ijayo.

Jumatano, 8 Machi

Nimefanya. Sijutii.

Mkutano ukumbini, watu wote wapo, kahawa tayari. Nimezipanga bahasha kwenye meza ya mbele, mstari mmoja, majina juu. Nikasema: Gottschalk hauzi uchafu, na hizi ni za walioomba uchafu. Kila mmoja aje achukue yake.

Akasimama mmoja. Halafu wawili pamoja. Kaylin alikuja wa mwisho-mwisho, mtoto begani, uso mwekundu. "Daktari kaniambia ujauzito wa nne utaniua, Bi. Wasinger." Nikamwambia asinieleze mimi, amweleze padri.

Alvina hakuona haya hata chembe. Alikuja akitembea kama anakwenda kuchukua keki. Akaifungua bahasha palepale, akanionyesha. "Vidonda vya tumbo, Leona. Vidonge vya kulinda tumbo langu. Dawa hii ndiyo aliyoikataa yule Gottschalk wako mtakatifu, kwa sababu wengine wanaitumia kutolea mimba."

Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyosema wote. Watu wakacheka.

Hakucheka yeye. Alisema, "Siku moja utahitaji mtu akuamini, wewe mwanamke," akachukua koti lake. Sahani yake ya mikate ya nyama na kabichi kaiacha mezani. Hakuna aliyeigusa.

Jumamosi, 11 Machi

Tisa tu mbele ya duka leo. Afadhali tisa safi.

Gilbert kabandika tangazo mlangoni: sasa atafungua Jumatano na Jumamosi tu, mwisho saa sita mchana. Tumemfikisha hapo! Charlene alipiga makofi. Alvina alipita katikati yetu, akaingia, akatoka na mfuko mweupe kaushika juu kabisa ili tuuone. Mshenzi.

Jumatano, 15 Machi

Sijui niandikeje hili.

Charlene karudi jana jioni kutoka Wichita. Leo mkutano. Nimeingia nimechelewa kidogo, nikaona meza ya mbele, na juu yake bahasha moja. Moja tu. Nikawaza, nani tena huyu mjinga?

Leona Wasinger.

Charlene alikuwa mwekundu mpaka masikio. Akasema yeye kafuata tu utaratibu nilioweka mimi. Yuko sahihi. Ningemnasa kofi.

Ni dawa ya viungo! Naimeza kila Jumatatu miaka tisa! Gilbert mwenyewe alikuwa akinikumbusha kwa simu. Gottschalk kaandika kikaratasi ndani: dawa hii inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo dukani kwake haiwekwi, anaomba radhi, ataniombea. Mimba! Nina wajukuu saba!

Nilifungua mdomo kueleza. Nikaziona nyuso. Nyuso zilezile za wiki iliyopita, zimejiandaa kucheka. Na mimi najua hasa wangecheka nini.

Basi nikasema uongo, au nusu uongo. Nimesema sikujua kwamba dawa ile ina uchafu. Nimesema kuanzia leo naiacha, maumivu yangu nayatoa sadaka kwa watoto wasiozaliwa. Nikaichana bahasha mbele yao.

Wakasimama wote. Wakapiga makofi. Charlene alilia, akanikumbatia, akasema mimi ni shahidi wa imani. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa robo saa.

Jumatatu, 20 Machi

Jumatatu ya pili bila dawa. Asubuhi vidole vizito. Si kitu.

Virgil anasema, "Mama, Mungu hakukuomba mikono yako. Alikuomba nini hasa?" Nimemwambia angalau yeye macho yake mabovu hayamzuii kusema ovyo.

Ijumaa, 24 Machi

Chakula cha samaki cha parokia. Nilishindwa kuinua sufuria ya viazi. Charlene akawatangazia watu sababu. Watu wanakuja kunishika mkono kwa heshima. Kila anayenishika nataka kumpiga teke.

Jumatatu, 27 Machi

Jumatatu ya tatu. Virgil kanifunga vifungo vya blauzi. Hakufanya mzaha. Hilo ndilo limenitia hofu.

Nimempigia daktari wangu wa Hays. Muuguzi kasema nisiache dawa hata wiki moja, viungo vikishapinda havirudi. Kwa posta ni siku kumi. Hays siwezi kuendesha, usukani haushikiki, na Virgil kwa macho yake haoni barabara. Nikimwomba mtu anipeleke atauliza tunakwenda kuchukua nini.

Duka la Gilbert liko mitaa minne kutoka hapa.

Alhamisi, 30 Machi

Nimempigia Gilbert. Nilibonyeza namba kwa penseli, vidole havikubali.

Hakushangaa. Laiti angeshangaa! Akasema atampigia daktari aandike cheti kipya, Jumamosi asubuhi dawa itakuwepo. Virgil siwezi kumtuma, atawatangazia mlangoni anachokifuata. Nikamwomba nije mlango wa nyuma. Akasema kitasa cha nyuma kimejaa gundi tangu wiki ya kwanza ya Kwaresima, na fundi hajapata nafasi.

Aliyemimina ni Charlene. Gundi ilikuwa yangu, ya kutoka gereji kwetu.

Nikasema basi aniletee nyumbani, kama alivyokuwa akimletea marehemu mama. Akasema, "Siku hizi niko peke yangu dukani, Leona. Msichana nimemwachisha kazi. Biashara imepungua." Kwa upole tu, kama anayezungumzia mvua. Namchukia kwa ule upole wake. Angenitukana ningejua pa kumshika.

Jumamosi, 1 Aprili

Naandika kalamu nimeikamata kwa ngumi. Niko ndani ya duka.

Nilifika saa tano na robo nikidhani rozari imekwisha. Walikuwa bado. Wanane, na mabango. Wakaniona nakuja kwa miguu. Nilisimama. Nikawaza nirudi. Mkono ukaniuma mpaka begani, nikaenda moja kwa moja mlangoni, sikumwangalia mtu.

Wakashangilia! Charlene akapiga kelele, "Mwambie, Leona! Mwambie usoni!" Wanadhani nimekuja kumkabili.

Ndani hakuna mteja. Gilbert yuko nyuma ya kaunta. Akasema kabla yangu, "Dakika ishirini. Kaa." Nikakaa kwenye kiti kilicho dirishani. Viti vyote viko dirishani. Wao nje, mimi ndani, kioo katikati. Charlene ananipungia mkono.

Baada ya dakika tano wakaingia wote wanane. Wanasema wamenielewa: nimekaa na sitoki mpaka vidonge vitoke. Wazo zuri ajabu, Leona, kwa nini hatukulifikiria mapema? Wakakaa. Waliokosa kiti wamepiga magoti. Rozari imeanza upya.

Charlene yuko kushoto kwangu. Ameona naandika, anadhani naandika majina ya wateja. Mkono wangu wa kushoto ameukamata, anaubana kila Salamu Maria. Machozi yananitoka. Ananinong'oneza, "Lia tu, mpenzi wangu, Bwana anaona."

Gilbert ametoka nyuma na mfuko mweupe. Jina langu liko juu yake, nalisoma kutoka hapa. Anatakiwa aliite. Kila mara anaita: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, hata kama anakujua tangu utotoni. Ameinua kichwa. Amemtazama Charlene, amewatazama waliopiga magoti, kanitazama mimi juu ya miwani.

Ita! Usiite.

Hakuita. Mfuko ameuweka chini ya kaunta, mahali ambapo hawauoni, na amerudi kuhesabu vidonge vya mtu mwingine. Kanificha. Baada ya yote hayo, mpumbavu yule kanificha! Na dawa iko hatua sita kutoka kwenye magoti yangu.

Charlene anasema niongoze mimi fumbo la tatu la rozari. Wananingoja. Saa ya ukutani inaonyesha saa tano na dakika arobaini, na saa sita anafunga mpaka Jumatano.