Taa ya Babu Yako

Mjukuu wangu Hamisi,

Salamu kutoka Naliendele. Sisi wazima, mikorosho imetoa maua, na mama yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Umeniuliza ufunge taa gani ya ziada kwenye pikipiki yako huko Masasi. Dukani zote zinawaka vizuri, mume wangu. Tulipokwenda na babu yako kununua yake, niliimwagia kikombe cha maji, kisha nikaitikisa.

“Mama, unanunua taa au unaiogesha?” muuzaji akauliza.

“Mvua ya Kilambo haitaniuliza hivyo,” nikamjibu.

Tukachukua ya manjano, iliyozibwa vizuri, yenye swichi yake peke yake. Miaka yote ambayo babu yako alifuata samaki Kilambo, nilikuwa naijua taa ile tangu kwenye kona, nikainjika chai. Tangu tumzike, pikipiki zinapita tu, nami bado naangalia kona.

Taa ni nzima, ipo kabatini. Usinunue nyingine, wala usiniambie niipakie kwenye basi. Njoo na pikipiki yako, uifunge hapa nyumbani, uende nayo mpaka kwenye kona, halafu urudi.

Bibi yako