Lijamu ya Rani

Alhamisi, Pasiansi

Kumbe hakuwa mkaidi. Wiki nzima namgombeza Rani kwa kurusha kichwa kila nikivuta hatamu, na Jumamosi ndiye farasi wa kumbeba bwana harusi wa Kihindi mpaka ukumbini, ngoma zikilia pembeni. Nilishaanza kumwona kijana wa watu chini, kilemba kule.

Leo bibi mzee wa bwana harusi, nyanya yake, alikuja kumwangalia Rani. Nikamwamkia. Akaishika lijamu, kile chuma cha mdomoni.

"Marahaba. Umeionja?"

Kama anaulizia chumvi ya mchuzi!

Nikaing'ata. Nyembamba, ikaniumiza fizi. Nikajaribu ile nene ya mpira, afadhali. Nikamvisha Rani. Akatafunatafuna, akatulia, kichwa begani kwangu.

Ee Mungu, asante kwa mnyama huyu. Wiki nzima namuumiza, na meno anayo. Hajaniuma.