Gia ya Meno Arobaini

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Mama Mdogo na wale mapacha ambao naambiwa sasa wanavaa viatu vikubwa kuliko vyako. Mgongo unaendeleaje? Mama alisema ulikulaza wiki nzima. Tafadhali acha kubeba mitungi ya gesi peke yako. Usiniulize nimejuaje, Mama Mdogo ndiye aliyekuchongea.

Sisi hatujambo. Mama ni yuleyule, sauti yake ndiyo inayotuamsha. Baba naye hajambo, ila magoti yamegoma na mikono inamtetemeka, hata chai tunamtilia nusu kikombe. Kila asubuhi alikuwa anakuja kwenye chumba cha mashine, anakaa kwenye stuli mlangoni na kunisimamia. Kunisimamia maana yake ni kunikosoa kabla sijakosea.

Ndiyo, mashine sasa naiendesha mimi. Cheka ukimaliza tuendelee. Ni ileile ndogo ya kukerezea, juu ya meza ileile, na mkanda wake bado unapiga kelele ukiwa wa baridi. Nilianza na vishikio vya droo, nikapanda mpaka bushi za magurudumu ya mikokoteni, na mwezi uliopita nikafika kwenye kukata uzi wa boliti. Hapo ndipo yalipotokea haya ninayokuandikia.

Kuna mama mmoja mtaa wa pili anayejalidi vitabu. Alileta boliti mbili za kibanio chake cha vitabu, nyuzi zimelika kabisa. Alitaka mpya, ndefu kama kutoka kiwiko changu hadi kiganja, zenye uzi wa milimita moja na nusu, mfereji hadi mfereji, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Za urefu huo hazipatikani dukani. Nikamwambia aniachie wiki moja, nikijua fika kwamba sijawahi kukata uzi mrefu kupita kidole.

Ya kwanza ilitoka imechanikachanika, utadhani imetafunwa na panya. Baba akasema kisu ni butu, na kweli kilikuwa butu. Nikakinoa. Ya pili ikawa afadhali kidogo tu, maana kisu kilikaa juu kuliko usawa wa kitovu cha chuma, kikawa kinasugua badala ya kukata. Nikatoa kipande cha bati nilichokiwekea chini, kikashuka, nikaongeza mafuta na kupunguza kina cha kila mkato. Chuma kikaanza kutoka kwa utepe mzuri.

Halafu nikafanya ujinga. Baada ya mkato mmoja niliuachia ule mkono unaokishikisha kisu na skrubu ndefu ya mashine, ile inayokivuta, nikakirudisha kisu mwanzo kwa kuzungusha gurudumu. Kiliporudi kazini hakikufuata njia yake ya awali, kikachimba uzi wa pili katikati ya ule wa kwanza. Baba alipiga kelele mpaka Mama akaja kuangalia nani kakatwa. Siku hizi mkono ule siugusi hadi boliti iishe. Nazima mota na kuirudisha kinyumenyume, kisu kinarudi na njia yake.

Ya tatu ilitoka inang'aa. Nilijisifu kimoyomoyo, nikachukua nati mpya na kuivalisha. Mzunguko wa kwanza laini, wa pili laini, wa tatu ikawa nzito, wa nne ikakwama kama imegundishwa. Nikakata kina zaidi kidogo. Safari hii nati ilianza kwa kuchezacheza, ikafika mzunguko wa sita, ikakwama tena.

Baba hakuinuka hata kwenye stuli. Akasema, "Haraka hizo. Mkono wa mdogo wangu huo, mtupu."

Hapa niseme wazi, Baba Mdogo, maana kuzungukazunguka hakutusaidii. Nimekua katika nyumba hii nikisikia habari za boliti zako kumi na mbili za dobi, za uzi huuhuu, kwamba nati zote ziligoma mzunguko wa tatu au wa nne kwa sababu ulikuwa na pupa. Najua Baba alikwambia mbele ya wateja kwamba mkono wako haukuumbiwa chuma, ukanawa mikono, ukaondoka, na kwa miaka kumi na tisa salamu zako zinapitia kwa Mama. Mimi nami nikiharibu kitu hapa naitwa kwa jina lako. Na nilikuwa naamini. Naomba radhi kwa hilo, kwa upande wangu.

Siku ile hasira zilinipanda kwa sababu sikuwa na haraka yoyote. Boliti moja ilinichukua kutwa nzima. Kwa hiyo nikaacha kuangalia mkono wangu, nikaanza kuiangalia mashine. Nililaza rula ya chuma juu ya boliti na kuhesabu nyuzi ishirini. Kwa uzi wa milimita moja na nusu, ishirini zinapaswa kufika milimita thelathini. Zangu zilifika ishirini na tisa na kitu. Yaani kila uzi ulikuwa umepungua kidogo sana, jicho halioni, lakini nati inaona. Nyuzi tatu nne inavumilia, halafu inakataa.

Kasoro ya namna hiyo haitoki mkononi, inatoka kwenye gia zinazoizungusha skrubu ndefu. Nikazifungua zote. Zimegongwa namba za meno tangu kiwandani, isipokuwa moja, ile ambayo namba yake, 40, imegongwa kwa kupinda kidogo. Hiyo, kama unakumbuka, Baba aliinunua kwa muuza vyuma chakavu baada ya ya mwanzo kuvunjika. Ilikuja bila namba. Aliyahesabu meno mwenyewe na kuigonga mwenyewe.

Nikatia chaki kwenye jino moja, nikahesabu. Thelathini na tisa. Nikarudia, thelathini na tisa. Nikamwita Mama, ambaye mashine haijui wala hataki kuijua, akahesabu kwa kidole huku analalamika kwamba namchafua. Thelathini na tisa. Nadhani Baba alianza na jino lenye alama, akazunguka, akalihesabu tena mwishoni. Na gia ile inatumika kwa uzi huo mmoja tu. Tangu ulipoondoka, uzi huo Baba anaukata kwa dai, kile chuma cha kukatia uzi kwa mkono, hajaufungia gia tena.

Nikapanga gia nyingine mbili za kiwandani zinazotoa hesabu ileile. Boliti ya nne nati iliingia upande mmoja ikatokea upande wa pili kwa kidole kimoja.

Kumwambia Baba ilikuwa kazi kuliko kukata. Unamjua, anaweza kusamehe kila kitu isipokuwa kuonyeshwa kosa. Nilimwekea gia mapajani pamoja na kipande cha chaki, nikarudi kwenye mashine nikijifanya nafagia. Alihesabu. Akahesabu tena. Mikono ile ikimtetemeka akawa anapotea njiani na kuanza upya, nami sikuthubutu kumsaidia. Mwisho akauliza, "Nati za dobi zilikwama mzunguko wa ngapi?" Nikamwambia, wa tatu, wa nne, kama anavyosema mwenyewe siku zote. Akaiweka gia mezani, akaenda zake ndani.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Hadi leo hajarudi kukaa mlangoni. Anakula, anaoga, anasikiliza redio, lakini chumba cha mashine hataki kukiona. Mimi ndiye niliyelalamikia kusimamiwa, na sasa stuli ile tupu inaniumiza. Naogopa atakufa nalo rohoni, na wewe utaendelea kuishi huko ukiamini kwamba mkono wako ndio uliokosea. Ndiyo maana nakuandikia bila kumuuliza. Sikuombi uje wala sikuombi umsamehe, hilo ni lenu wawili. Nilitaka tu ujue kwamba ulikata vizuri.

Mama anakusalimu, anauliza kama Mama Mdogo alipata kile kitambaa. Shangazi anasalimu, amehamia karibu na soko na sasa anajua habari za kila mtu. Mpe pole Mama Mdogo kwa kuishi na mbishi, na uwaambie mapacha dada yao anajua kukata uzi. Mungu akunyooshee mgongo na akuzidishie siku njema, wewe na wote walio chini ya dari yako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Binti wa kaka yako.

Nyongeza: Nilikuwa nataka kufunga bahasha Baba akaingia. Aliuliza ni ya nani, nikashindwa kudanganya. Akaomba miwani, akaisoma yote hapa mezani, kisha akaomba kalamu. Yanayofuata ni mwandiko wake. Usomee kwenye mwanga mzuri.

*Mdogo wangu. Nimehesabu mwenyewe, ni thelathini na tisa. Siku ile ningehesabu, usingeondoka. Uliniambia nikague gia, nami nikakufukuza mbele za watu. Huyu mtoto hilo halijui, sikumwambia mtu. Nisamehe. Magoti ni mabaya lakini kupanda basi ninaweza. Niambie tu kama utafungua mlango.*