Yatima wa Bwana Shauri

Jumatatu, 3 Juni 1912

Upepo tena. Vumbi kwenye chaki, kwenye maji ya kunywa, kwenye meno. Nimefundisha herufi asubuhi nzima jicho moja nimelifumba. Wanafunzi ni wale wale. Nusu wanasinzia, nusu wananuka moshi, na wote wanamwogopa zaidi askari aliyewaleta kuliko mimi ninayewafundisha.

Dodoma wanaiita mji. Stesheni, boma, maduka mawili matatu ya Wahindi, mbuzi. Mtu wa Pangani akiletwa hapa hafi, anakauka tu.

Adhuhuri niliitwa bomani. Bwana Shauri, Mdachi anayetawala wilaya hii, anataka kujua kwa nini Wagogo hawaleti watoto shuleni. Nizunguke vijijini, niulize, nimwandikie. Kanipa punda. Akasema kwao kazi kama hii hufanywa na wanachuoni wakubwa, kwa hiyo nijione nimeheshimiwa. Niliinamisha kichwa. Angewauliza mwenyewe, lakini miaka yote hii hajajifunza hata kuwaamkia.

Alhamisi, 6 Juni

Miyuji na vijiji vya jirani. Natembea na mkalimani, Mazoya bin Ndahani, mtoto wa Mtemi Ndahani. Ndiye mwanafunzi wangu bora, kijana wa miaka ishirini hivi, Kidachi chake kimezidi changu. Hilo silipendi na sitalisema.

Swali langu ni moja kila tembe, nyumba zao za udongo. Majibu ni ya kijinga. Mzee mmoja aliniuliza, mwanawe akija kwangu, ng'ombe watachungwa na nani? "Na wewe?" Ukoo mzima ukacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nakunywa maziwa yao.

Ila kuna jambo. Wanasema hawaleti, na bado kila tembe lina mmoja aliyeletwa. Nikaanza kuuliza ni nani. Mtoto wa mke aliyekufa. Mpwa aliyekuja kuomba chakula akabaki. Kijana wa mguu mbovu. Mtoto wa mateka wa zamani. Hakuna hata mmoja wa mke mkubwa.

Wanatuletea makapi. Na sisi tunayapokea kwa tarumbeta.

Nimelala nikifikiria kwetu. Kaka zangu waligawiwa mashamba ya minazi. Mimi nilikuwa na kifua kibovu, nikapelekwa kwa Wadachi.

Jumatatu, 10 Juni

Leo kwa Mtemi Ndahani. Tembe kubwa, zizi kubwa, tumbo kubwa. Alinikaribisha kwa sauti ya kusikika hadi mlimani. Alijisifu kuwa yeye peke yake alimtoa mwanawe wa kuzaa kwa serikali. Akamshika Mazoya bega, kidogo tu, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

Ng'ombe wakarudi. Nyuma yao kijana mrefu, kajipaka udongo mwekundu, pua ni ya Ndahani, cheko ni la Ndahani. Bibi mmoja akamwita, "Mazoya! Funga zizi!" Kisha akajiziba mdomo.

Mtemi akaanza kuzungumza habari za mvua. Mkalimani wangu akatazama chini.

Njiani aliniambia yote, bila kuulizwa. Hapa anaitwa Sumbi. Si Mgogo. Alitolewa milima ya Mpwapwa mwaka wa njaa, akiwa mdogo, akabadilishwa kwa mtama. Boma lilipodai mtoto wa mtemi, Ndahani alimficha wake zizini akampeleka yeye, akampa na jina la mwanawe.

"Utasema, Mwalimu?"

"Nani kaniuliza?"

Ndahani anadhani amemchezea Mdachi. Mpumbavu mwenye ng'ombe. Amempa mtoto wa watu kalamu, wake amempa fimbo, na anajiona mjanja.

Jumanne, 18 Juni

Taarifa nimeimaliza. Kurasa nzuri. Sijui kama kuna mwingine katika nchi hii aliyewahi kukaa chini akauliza shule ni ya nani. Nimeandika kwamba mzazi hamtoi anayemtegemea, kwamba wanaoletwa ni wale wasio na wa kuwalilia, na kwamba hao hao kesho ndio makarani na askari, kwa hiyo nchi itakuja kutawaliwa na wale iliowatupa. Ndahani sikumtaja. Sumbi sikumtaja.

Bwana Shauri aliisoma mbele yangu. Akarudia ukurasa mmoja. Akanipa mkono. Mkono wa baridi, una majimaji kama samaki.

Nilimweleza mke wangu kuwa kafurahi.

"Kafurahia nini, Baba Saidi?"

"Nimeandika vizuri."

"Haya." Akaendelea kuchambua mchele.

Ile "haya" imenikera hadi sasa.

Ijumaa, 21 Juni

Ubaya umefika. Bwana Shauri anataka akida mpya wa kusimamia majumbe, mtu anayejua kusoma. Kamchagua Mazoya bin Ndahani. Jumatatu atatangazwa barazani, na baba akifa, utemi pia ni wake.

Nilipotoka msikitini nilimkuta Ndahani mlangoni kwangu, na mtamba kamfunga kwenye nguzo ya baraza yangu.

"Mwalimu, kamwambie Mdachi yule si mwanangu."

"Kamwambie wewe."

"Atanifunga."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza, mtumwa atanikalia kichwani! Na mwanangu atakuwa nani?"

Nilimwambia amfungue ng'ombe wake kabla hajanichafulia baraza. Mtu aliyezoea kupigiwa magoti hajui kuomba, anaomba kama anayetukana.

Alipokwenda nilifunga mlango kwa komeo. Ikigundulika kwamba nilijua, kiboko ni changu. Nimejidharau kwa muda mrefu kidogo, kisha nikala.

Jumatatu, 24 Juni

Baraza mbele ya boma. Watemi na wazee juani, Bwana Shauri kivulini. Ndahani kajifunga nguo nyeupe. Alikuwa ameamua kunyamaza, ilionekana usoni.

Bwana Shauri akauliza, kwa desturi tu, ili mambo yaende kama ibada, "Ndahani, huyu ni mwanao?"

Ndahani akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno kijana akasimama.

"Bwana, mimi si mwanawe. Naitwa Sumbi. Alininunua kwa mtama. Mwanawe anachunga ng'ombe nyumbani."

Ndahani aliketi chini, hapo hapo kwenye vumbi, na nguo yake nyeupe. Alitiwa mnyororo kabla ya adhuhuri kwa kuidanganya serikali. Anachimba barabara ya stesheni.

Sumbi alikuwa anangoja zamu yake ya kiboko. Nilimwona anafungua vifungo vya shati ili wasilichane.

Bwana Shauri akatoa karatasi. Nikaitambua. Akasoma maneno yangu mbele ya nchi nzima, kwa Kiswahili chake cha kutafuna mawe: wasio na wa kuwalilia. Akasema huyo ndiye anayemfaa. Mtu asiye na ndugu hana wa kumpendelea, na hana pa kukimbilia. Sumbi atakuwa akida vile vile. Na kuanzia leo yatima wote, Dodoma hadi Mpwapwa, wakusanywe waletwe shuleni. Wakae huko, wasirudi. Akanigeukia akanishukuru kwa jina.

Watu wote wakanitazama.

Mimi sikuandika hivyo. Niliandika maneno yale yale, lakini sikuandika hivyo.

Baadaye nilimuuliza Sumbi kwa nini alisema, na angepata yote kwa kunyamaza.

"Nilitaka kuuona uso wa mzee," alisema. "Basi."

Jumatano, 3 Julai

Wanaletwa. Askari hawaulizi sana yatima ni nani. Baba akiwa safari, yatima. Mama akiwa kisimani, karibu yatima. Wajomba wengine wanawaleta wenyewe, wanashukuru, wanaondoka haraka wasibadilishiwe mawazo.

Kuna bibi kizee amefuata mjukuu wake kwa miguu, ameketi nje ya ukuta wa shule. Nikisomesha irabu namsikia anakohoa. Mke wangu anampelekea uji. Mimi napitia mlango wa nyuma.

Sumbi kavaa kaki na tarbushi. Kajifunza kufoka upesi mno. Jana Mazoya, yule wa kweli, alimletea baba yake ugali pale barabarani kwenye mnyororo. Askari akampiga teke, ugali ukamwagika. Sumbi alikuwa karibu. Akageuka akatazama reli. Mazoya aliuokota ule ugali, akaupuliza mchanga, akamlisha baba yake kwa mkono.

Nimemdharau Sumbi kwa moyo wote. Kisha nikakumbuka nani alimfundisha kusoma.

Jumatano, 10 Julai

Tumeagizwa Mpwapwa kukusanya yatima, mimi na akida, na askari mmoja. Gari la moshi hadi Gulwe, halafu miguu. Vituoni watu walikuwa wanaiamkia ile tarbushi, naye Sumbi anaitikia bila kuwatazama.

Mpwapwa askari kapata pombe, akalala. Tumemwacha. Jumbe wa hapa ametupa mtu wa kutuongoza milimani kwa Wakaguru, mcheshi mmoja mwenye meno machache, anayejua kila nyumba yenye msiba. Anazitaja kama muuza samaki anavyotaja samaki.

Ijumaa, 12 Julai

Nitaandika ilivyokuwa.

Tulipanda tangu asubuhi. Kuna baridi huku, na maji, na migomba. Habari ilikuwa imetutangulia. Nyumba ya kwanza watoto wameshikwa mikono. Ya pili vile vile. Kila mtoto na mtu mzima wake, wamesimama mlangoni, kimya. Tukawa tunapita tu.

Kwenye kijito Sumbi akasimama. Akalitazama jiwe moja kubwa, bapa, wanawake wanaanikia nguo. Akaingia majini na viatu vyake vya serikali akaligusa. Nikamuuliza ana nini. Akatoka majini, akaendelea kupanda.

Juu ya kijito pana kibanda. Kiongozi wetu akasema, hapa yupo mmoja wa hakika: mama kafa, baba kaenda kwenye reli hakurudi, analelewa na bibi yake. Bibi mwenyewe akatoka. Mwembamba, si mzee sana. Msichana mdogo nyuma yake. Bibi alipoiona tarbushi alipiga magoti, akamsukumia Sumbi kuku, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Alisema maneno mengi ya Kikaguru, macho chini.

"Anasemaje?" Sumbi akauliza. Lugha imemtoka.

Kiongozi akacheka. "Anasema mchukue kuku mumwachie mtoto. Kuku ndiye huyu tu, hana mwingine."

"Muulize kama aliwahi kuzaa mtoto wa kiume."

Kiongozi akauliza. Mwanamke alijibu polepole.

"Anasema alimzaa. Mwaka wa njaa yeye alikuwa mgonjwa, hajijui. Kaka yake akambadilisha mtoto kwa mtama. Anasema mtama wenyewe aliukataa, lakini walimlisha kwa nguvu. Anasema kwa hiyo huyu hamtoi. Mkitaka mumuue yeye kwanza."

Sumbi akavua tarbushi. Akachutama mbele yake hadi macho yakawa sawa. Angesema kwa lugha gani? Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu sikioni kama punda aliyevishwa shada.

Mwanamke alimtazama muda mrefu. Sikuona machozi. Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku, akamgeuza kule. Kisha akasema neno fupi.

Kiongozi safari hii hakucheka, wala hakutafsiri. Nikamshika mkono. "Kasemaje?"

"Anamuuliza kama amekula."

Jumapili, 14 Julai

Gulwe, stesheni. Gari halijafika.

Nimerudi peke yangu. Sumbi amebaki. Viatu, kaki na tarbushi nimevifunga kwenye kitambaa. Bwana Shauri ataambiwa akida alikufa kwa homa na tulimzika huko huko. Askari amekubali, maana vinginevyo itabidi aeleze alikuwa wapi. Kiongozi alikubali kabla sijamwomba. Alinishangaza. Sikuzoea.

Ndahani yungali mnyororoni. Watoto wa Dodoma wangali mle shuleni, na kesho kutwa nitakuwa mbele yao na chaki. Lile sina dawa nalo bado. Nitaanza na yule bibi wa ukutani. Mjukuu wake sitamhesabu tena, atoke naye kupitia mlango wangu wa nyuma.

Na nitaandika kwamba milima ya Mpwapwa haina yatima. Nimetembea siku nzima nikitafuta, na kila mtoto niliyemwona alikuwa ameshikwa mkono.

Leo nimetafuta wa kumdharau. Nimempata mmoja tu, mwenye kalamu hii, naye kachoka.

Jua si kali. Yule mama alinifungia viazi vya njiani kwenye jani la mgomba. Nimevila vyote.